Mungu kama Mchungaji: Taswira ya Zaburi ya 23 na Mapokezi Yake kwa Msomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua taswira ya Mungu kama mchungaji katika Zaburi ya 23, Ezekieli sura ya 34 na Injili ya Yohana sura ya 10, pamoja na namna taswira hiyo inavyopokewa kupitia neno la Kiswahili mchungaji. Hoja kuu ni kwamba neno hilo, kwa kuwa linamtaja mchunga mifugo, kiongozi wa kanisa na Mungu mwenyewe, humpa mwamini faraja na papo hapo humpa kipimo cha kuwapima wale wanaoitwa kwa jina hilo.

1. Utangulizi

Zaburi ya 23 ina mistari sita tu, lakini waamini wengi huijua kwa moyo kabla hawajaweza kuisoma. Husomwa mazishini, kando ya vitanda vya wagonjwa na katika sala za jioni. Mazoea hayo yana faida, kwani maneno yaliyohifadhiwa moyoni hupatikana hata pale ambapo hakuna kitabu. Yana hasara pia. Kinachosemwa mara nyingi huacha kusikika, na kazi ngumu ya uchungaji hugeuka kuwa picha tulivu ya majani mabichi na maji. Hivyo, ili faraja ya zaburi hii ieleweke, sharti kwanza ieleweke kazi inayotajwa ndani yake.

2. Neno mchungaji

Kitenzi kuchunga kina maana ya kupeleka mifugo malishoni na kuiangalia. Kina pia maana ya kulinda kwa uangalifu, kama mtu anapoambiwa achunge mdomo wake. Nomino mchungaji inayotokana nacho inatofautiana na mfugaji. Mfugaji ni mwenye mali. Anaweza kuwa na ng'ombe mia na asitoke nyumbani. Mchungaji ni yule aliye porini pamoja na wanyama, juani na mvuani. Katika jamii nyingi za wafugaji kazi hiyo hupewa wavulana au vijana wa kuajiriwa. Kwa hiyo, kumwita Mungu mchungaji ni kumweka mahali pa yule anayetembea na kundi, wala si pa yule anayengoja hesabu jioni zizini.

Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika katika mstari wa kwanza wa zaburi, ra'ah, kinahusu kulisha na kuchunga. Katika Mashariki ya Karibu ya kale wafalme nao waliitwa wachungaji wa watu wao. Mtunzi wa zaburi analichukua jina hilo la kifalme, lakini analirudisha kwenye kazi yenyewe: kulisha, kunywesha, kuongoza na kulinda.

3. Kuongoza, kulinda na kufuatia

Tofauti moja ya mazingira yafaa kuzingatiwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mchungaji huswaga ng'ombe akiwa nyuma yao, fimbo mkononi. Katika Yohana 10:4 mchungaji hutangulia, na kondoo humfuata kwa sababu wanaijua sauti yake. Anayetangulia ndiye wa kwanza kukutana na hatari, na asiyeswaga hutegemea kuaminiwa. Mwongozo wa Mungu katika taswira hii, basi, ni wa sauti inayotambulika.

Hatari yenyewe haifichwi. Katikati ya zaburi kuna bonde la giza, na ni hapo ndipo lugha inapobadilika. Katika mistari mitatu ya mwanzo Mungu anazungumziwa katika nafsi ya tatu. Katika mstari wa nne msemaji anamgeukia na kumwambia "wewe". Mahali pa majani mabichi alikuwa akieleza habari za Mungu. Bondeni anazungumza naye. Badiliko hilo dogo la kisarufi linabeba teolojia kubwa: zaburi haimwahidi mwamini njia isiyo na bonde, bali inamhakikishia kuwa hatalipita peke yake.

Vifaa viwili vinavyotajwa hapo, ambavyo tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 inaviita gongo na fimbo, vina kazi mbalimbali. Jina la kwanza la Kiebrania, shevet, linaweza kumaanisha silaha ya kupigia. La pili linatokana na kitenzi cha kuegemea. Katika 1 Samweli 17 Daudi anamweleza Sauli jinsi alivyopambana na simba na dubu waliochukua mwanakondoo wa baba yake. Upendo wa mchungaji, kwa hiyo, si upole mtupu. Una nguvu ya kumkabili mwindaji.

Mstari wa mwisho unaongeza jambo lisilotarajiwa. Pale ambapo tafsiri hiyo inatumia kitenzi kufuata, Kiebrania kina radaf, ambacho aghalabu humaanisha kukimbiza au kuandama. Ndicho kinachotumika katika Kutoka 14 kwa Farao anapowaandama Waisraeli. Wema wa Mungu, kwa mujibu wa zaburi, unamwandama mtu kama adui anavyomwandama.

Wazo hilo lilipata sura nyingine kaskazini mwa Tanzania. Vincent Donovan, padre wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Marekani, aliyefanya kazi miongoni mwa Wamasai wa Loliondo, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1978 jinsi mzee mmoja alivyomfafanulia imani kwa mfano wa simba anayewinda. Padre alidhani mwamini ndiye simba. Mzee alimweleza kuwa kinyume chake ndicho kweli: simba ni Mungu, naye ndiye anayemtafuta mtu. Inastahili kuangaliwa kwamba mzee huyo, wa jamii ya wachungaji, alimfananisha Mungu na mnyama ambaye wachungaji humwogopa, na bado akafikia maana iliyo karibu mno na radaf.

Methali ya Kiswahili husema kwamba ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini. Katika methali hiyo aliyeumia ndiye anayejikokota kurudi. Katika mfano wa kondoo aliyepotea, Luka 15, ni mchungaji anayetoka na kumbeba mabegani. Zote mbili zinakiri kuwa nyumbani ni zizini; zinatofautiana juu ya nani anayetembea.

4. Kipimo kwa wachungaji

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na katika makanisa mengi ya Kipentekoste, mchungaji ni cheo. Muumini akisikia neno hilo, huenda sura ya kwanza kumjia ni ya mtu anayemfahamu. Akiwa mtu huyo amemtendea mema, zaburi inamjia ikiwa na ushahidi. Akiwa amemdhulumu, neno lenyewe linakuwa kidonda.

Ezekieli, aliyehubiri miongoni mwa waliohamishiwa Babeli, alilikabili tatizo hilo. Katika sura ya 34 anawashutumu wachungaji wa Israeli kwa kula wanono na kuvaa sufu huku wagonjwa wakiachwa bila tiba na waliopotea bila wa kuwatafuta. Baada ya shutuma hizo Mungu anatangaza kwamba yeye mwenyewe atawatafuta kondoo wake. Jina halifutwi kwa sababu limechafuliwa. Linarudishwa kwa mwenyewe. Yohana 10 inaendeleza hoja hiyo kwa kumtofautisha mchungaji mwema na mtu wa mshahara anayekimbia mbwa mwitu ajapo. Waraka wa kwanza wa Petro 5:2-4 nao unawakataza wazee wa kanisa kutafuta faida ya aibu na kujifanya mabwana, kwa kuwa yuko Mchungaji mkuu.

Sura hiyo ya Ezekieli ina upande mwingine ulio hai kwa msomaji wa Tanzania. Mkoani Morogoro, hasa Kilosa na Mvomero, migogoro ya wakulima na wafugaji imewahi kugharimu maisha ya watu. Mkulima ambaye shamba lake limelishwa na mifugo hawezi kuisikia taswira ya mchungaji kwa utulivu. Ezekieli 34:17-22 haimwachi mkulima huyo nje: Mungu anahukumu pia kati ya mnyama na mnyama, dhidi ya wanaokanyaga malisho, kuyachafua maji na kuwasukuma wanyonge kwa mabega. Tena Yohana 15 inamtaja Baba kuwa mkulima. Maandiko hayalitukuzi kundi moja juu ya lingine. Yanauliza ni nani anayetunza.

5. Hitimisho

Taswira ya Mungu kama mchungaji haisimami juu ya utulivu wa malisho. Inasimama juu ya uwepo wa anayetembea na kundi, anayetangulia hatarini na anayetoka kumtafuta aliyepotea. Kwa msomaji wa Kiswahili, neno moja linabeba sura ya Mungu na cheo cha mwanadamu. Ndiyo maana mwamini aliyejeruhiwa na mchungaji halazimiki kuiacha zaburi hii; ndani ya Maandiko yenyewe anakuta Mungu aliyekwisha kusimama upande wa kondoo.