Hasheem Thabeet na hasira za shabiki wa mbali

Ukitaka ubishi usioisha kwenye baraza la Watanzania wa Jeddah, taja jina la Hasheem Thabeet. Mmoja atasema kijana wetu alionewa, mwingine atasema alikuwa mvivu tu, na wa tatu atakumbusha kwamba Stephen Curry alichaguliwa nyuma yake.

Hilo la tatu ni kweli. Tarehe 25 Juni 2009, timu za NBA zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, akiwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa tatu James Harden, na Curry alikuwa wa saba. Kabla yake hakuna Mtanzania aliyewahi kufika NBA. Urefu wake ni mita 2.21, na mwaka huohuo alikuwa ameisaidia timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kufika nusu fainali ya vyuo vikuu vya Marekani, akiwa na wastani wa bloku zaidi ya nne kwa mchezo.

Tukakaa mkao wa kula. Msimu wa kwanza akacheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo, pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 Memphis wakampeleka kwenye ligi ya maendeleo, na hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa huko. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City. Mwaka 2014 safari ya NBA ikaisha kwa michezo 224 na wastani wa pointi 2.2.

Ami mmoja wa Ghulail, kusini mwa Jeddah, dereva wa lori mwenye asili ya Tanga, hakuwahi kumsamehe. Saa zetu na za Dar es Salaam ni zilezile, na mechi ya jioni kule Memphis huku huanza kwenye saa kumi alfajiri. Ami alikuwa akiamka kabla ya adhana kumwangalia kijana wa nyumbani, kisha anaingia barabarani na usingizi machoni. Nilipomuuliza kinachomuudhi ni nini hasa, hakutaja pointi.

"Kufunga ni kipaji, akikosa simlaumu," aliniambia. "Lakini kurudi mbio kulinda? Kumwekea mwenzako mwili mpira unapodunda kwenye ringi? Hayo hayataki kipaji. Urefu kapewa na Mungu, mbio ni zake mwenyewe."

Ami ana hoja. Shabiki hana haki ya kudai ushindi kila siku, ila juhudi anaweza kuidai, na juhudi huonekana: nani anarudi nyuma baada ya kupoteza mpira, nani anainama kuuokota ukibiringika, nani anaruka mara ya pili baada ya kukosa mara ya kwanza.

Lakini kazi ya uuguzi imenifundisha kuangalia mara mbili. Wodini utamkuta muuguzi mgeni amesimama tu huku wenzake wanakimbia. Huenda hataki kazi. Huenda ametoka zamu mbili mfululizo. Mara nyingi zaidi hajui aanzie wapi, na anayesita, ukimtazama kutoka mlangoni, hana tofauti na mvivu.

Thabeet alianza kucheza kikapu akiwa na miaka 15. Akiwa na miaka 22 alipambana na watu wazima walioshika mpira tangu utotoni, ambao miguu yao inajua pa kusimama kabla kichwa hakijafikiri. Na nafasi yake Memphis ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA nzima.

Ami atajibu: mbona Dikembe Mutombo? Mkongo yule naye aliuanza mchezo akiwa kijana mkubwa, na aliondoka NBA baada ya misimu 18 na tuzo nne za mlinzi bora. Ni kweli. Ila Mutombo aliingia NBA mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Miaka mitatu ya kujifunza bila kuzomewa si kitu kidogo. Na mtu mvivu kabisa haendi kucheza Japani, kisha Taiwan akiwa na miaka 33, wakati dunia imeshamsahau.

Mwaka 2021 mabuldoza yaliingia Ghulail na mitaa ikavunjwa. Ami akahama, kodi mpya ikamla mshahara, na pesa za kutuma Tanga zikapungua. Huko nyumbani wakaanza kuulizana kama mzee siku hizi hajitumi. Walikuwa wanasoma tarakimu tu, kama sisi tulivyosoma zile pointi 2.2. Wengi wetu ughaibuni tumechaguliwa namba mbili na ukoo mzima, na tunajua uzito wake.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, mtoto akirudi kutoka mazoezini au shuleni na matokeo mabaya, kabla ya kumwita mvivu muulizeni mambo matatu: umechoka, hujui cha kufanya, au hutaki? Aliyechoka alazwe mapema, na uchovu usipoisha apelekwe kupimwa damu. Asiyejua atafutiwe wa kumfundisha, na apewe muda. Asiyetaka, huyo sasa mkalisheni chini mseme naye, maana kuna siku Ami huwa amesema kweli.