Akida na Watu wa Nyumbani Mwake

Hapa Voi, na kule Taveta, yako makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza yalikishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta, yakarudishwa nyuma, na wengi wakafa. Hao hawakuona tena makwao.

Lakini leo nawaza juu ya askari aliyerudi salama, mzee anayekula pensheni yake huko Sagalla au Wundanyi. Ni mtu wa kanisa, ndiyo. Ila watoto wakisikia kikohozi chake mlangoni, wote kimya! Je, nyumba nayo ni kambi?

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 10. Kornelio alikuwa akida huko Kaisaria, mkubwa wa askari mia. Alimcha Mungu pamoja na nyumba yake yote, akisali na kuwasaidia maskini. Alipoagizwa na malaika amwite Petro kutoka Yafa, aliwaita watumishi wawili na askari mmoja mcha Mungu, akawaeleza mambo yote, ndipo akawatuma. Angalisema "Nendeni!" tu, wangalikwenda. Mzee wangu, wewe huwaeleza wa kwako?

Petro alipofika, akida akamwangukia mvuvi yule miguuni, Petro akamwinua. Ndani, jamaa na rafiki walikuwa wamekwisha kukusanyika. Roho Mtakatifu akawashukia wote waliolisikia neno, wakabatizwa, nao wakamsihi Petro akae kwao siku kadhaa.