Mtoto Mwenye Ulemavu: Tathmini ni Mbili

Mzazi akitoka hospitalini na fomu iliyopigwa muhuri, mara nyingi huamini kazi imekwisha. Muhula ukifunguliwa anampeleka mtoto shuleni, na huko anaombwa ripoti nyingine. Wengi hukata tamaa hapo na kurudi na mtoto nyumbani. Tathmini hizi ni mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Ya kwanza ni ya kitabibu. Hufanyika katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, ambako madaktari huandika aina na kiwango cha ulemavu. Ripoti yao ndiyo humwezesha mtoto kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, picha yake ya pasipoti na kitambulisho chako. Kama hana cheti, anza kwa kukitafuta.

Kadi ya Baraza yenyewe haileti pesa. Hukuwezesha kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu au cha kusaidia kusikia. Inua Jamii ni mpango mwingine: hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, anayehitaji kuhudumiwa saa zote. Nafasi huwa chache, hivyo muulize chifu ni lini uandikishaji utafunguliwa. Usimlipe yeyote anayejidai atakuingiza.

Tathmini ya pili ni ya elimu. Hufanywa katika vituo vya EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka wa 1984. Huko hakuna sindano. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo huangalia jinsi mtoto anavyosikia, anavyoona, anavyoshika kitu na kuelewa maneno, kisha hupendekeza shule inayomfaa, ikiwemo ya kawaida iliyo karibu na nyumbani. Hatua hii ina uzito. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huenda hatembei wala hasemi vizuri, lakini anaelewa kila kitu. Akipelekwa darasa lisilomfaa kwa sababu tu anadondosha mate, amenyimwa masomo.

Kuna swali ambalo fomu zote mbili haziulizi: anayemtunza analala saa ngapi? Mama anayembeba mtoto wa miaka 10 huumia mgongo. Ukiwa kliniki, mwombe mtaalamu wa tiba ya viungo akuonyeshe namna ya kumwinua, pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani, kwani nauli ya kila wiki si wote wanaimudu. Wazazi wanaokutana kliniki wanaweza kuunda kikundi. Mchango husaidia, lakini kuachiana watoto kwa zamu husaidia zaidi: mmoja anaenda sokoni, mwingine anapata usingizi. Na akina baba, zamu hizo ni zenu pia.

Ukijua kuna mtoto anayefichwa nyumbani, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Yeye hutembelea boma, na anaweza kuielekeza familia hospitalini.