Twanga Mwenyewe Bizari ya Pilau

Ukipita katika soko la Tandika utaiona bizari ya pilau iliyokwisha kusagwa na kufungwa katika vipakiti vidogo. Lakini ni nani awezaye kujua kama haikuchanganywa na unga? Afadhali kununua nzima.

Chukua vijiko 4 vya bizari nyembamba, kimoja cha pilipili manga, kimoja cha iliki, nusu kijiko cha karafuu na vipande 2 vya mdalasini. Karafuu chache zijaribu kwanza katika maji: yenye mafuta yake huzama au husimama wima, iliyokwisha kukamuliwa huelea kwa ubavu. Ondoa vijiwe, anika juani, kisha kaanga pasipo mafuta juu ya moto mdogo wa mkaa hadi inukie. Ikiungua huwa chungu, na hapo hakuna dawa. Ipoe kwanza, ndipo utwange na kuchekecha. Kina baba nao waushike mchi.

Usiifungie chupani ingali na unyevu. Itaota ukungu, na sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa. Twanga ya wiki 2 tu, kwani harufu huruka upesi.