Nguzo Mchangani: Funzo la Daraja la Showa

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Vivyo hivyo, tuonapo daraja limesimama imara juu ya mto, tujue kuwa chini yake zimo nguzo zilizopigiliwa ardhini, ambazo wapitaji hawazioni. Leo tungependa kuwaeleza wasomaji wetu jinsi nguzo hizo zinavyofanya kazi katika ardhi ya mchanga, na jinsi zinavyoweza kushindwa.

Nguzo hubeba mizigo ya namna mbili. Wa kwanza hushuka wima, nao ni uzito wa daraja na wa magari. Mzigo huo huchukuliwa na msuguano wa mchanga ubavuni mwa nguzo, pamoja na ugumu wa ardhi kwenye ncha yake. Mzigo wa pili husukuma kutoka ubavuni: upepo, mkondo wa maji au tetemeko la ardhi. Huo hupingwa zaidi na mchanga wa tabaka za juu.

Kosa ni kuipima mizigo hiyo mmoja mmoja, kana kwamba haijuani. Nguzo ikishasukumwa na kupinda kidogo, uzito ulio juu yake hauiteremkii tena sawasawa, bali huzidi kuipinda. Mchanga ulioshikana huizuia; mchanga uliolegea hauna nguvu hiyo.

Haya yalidhihirika mjini Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, lilipotokea tetemeko lenye ukubwa wa 7.5. Daraja la Showa, juu ya Mto Shinano, lilikuwa limekamilika mwezi mmoja tu kabla ya siku hiyo. Nguzo zake zilikuwa mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 60 hivi na urefu wa mita 25 hivi. Mchanga uliojaa maji ulipotikiswa, punje zake ziliachana, nao ukawa kama uji. Vipande vitano vya daraja vikaanguka mtoni.

Kwa miaka mingi wataalamu walieleza kwamba ardhi iliyoteleza kuelekea mtoni ndiyo iliyozisukuma nguzo. Baadaye wengine walisema kuwa uzito wa daraja lenyewe ungetosha kuzikunja nguzo nyembamba zilizokosa mshiko. Kwa maoni yetu, hoja zote mbili zatuonya jambo moja: nguzo iliyo salama kwa kila mzigo peke yake yaweza kuangamia mizigo inapokutana.

Katika mji huohuo, Daraja la Bandai la mwaka 1929, lenye misingi mipana na mizito, lilidhurika lakini halikuanguka, na hata leo lapitika.

Hivyo basi, ajengaye mchangani hana budi kuipima ardhi kwanza, kuzifikisha nguzo kwenye tabaka gumu, na kuzipa unene wa kusimama hata mchanga wa juu ukizisaliti. Gharama ya chuma hulipwa mara moja. Uhai wa watu haulipiki.