Kisu Kidogo Kinatosha

Wanunuzi wengi wa kisu cha kukunja huanza kwa kupapasa makali kwa kidole gumba. Makali ndiyo kitu cha mwisho cha kuangaliwa. Kisu butu kinanoleka, ila kisu kilichoungwa vibaya hakina dawa. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mkono wa pili, kisha lisukume kulia na kushoto. Likicheza, mrudishie muuzaji. Likunje utazame kwa juu: bapa linatakiwa kulala katikati ya mpini bila kugusa ubavu wowote. Kwa majaribio hayo mawili umeshajua mengi kuliko yanayosemwa na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, ambayo kwa visu vya bei chee aghalabu ni mapambo tu.

Kisu cha kukunja ni bawaba yenye makali. Nguvu yote ya mkono hupita kwenye pini moja, na uzuri au ubovu wa kisu huanzia hapo. Aina ya kale haina komeo. Springi imelala kwenye mgongo wa mpini, imekandamiza kitako cha bapa, na kwa kuwa kitako hicho kimechongwa pembe, bapa likifika mwisho springi hulibana likatulia. Halijafungwa, limezuiwa tu. Ukikata kwa makali, nguvu hulisukuma lizidi kufunguka, na hakuna ubaya. Ukichoma kwa ncha kitu kigumu kisichopenyeka, bapa linaweza kukurudia vidoleni. Mwenye kisu cha namna hii hatoboi nacho mkanda wala hakwangui nacho nazi kwenye kifuu.

Ndipo vikaja visu vyenye komeo. Katika visu vingine ni ulimi wa chuma unaoingia kwenye pengo nyuma ya bapa, katika vingine ni bati jembamba ndani ya mpini linalojitokeza ubavuni na kuzuia bapa lisirudi. Opinel, kisu cha Ufaransa kilichobuniwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890, hakikuwa na komeo lolote hadi mwaka 1955, kilipotiwa pete ya chuma inayozungushwa kwa kidole gumba na kuziba njia ya bapa. Pete hiyo ni ufundi mdogo na wa akili sana: haina springi, haina skrubu, na mtoto wa shule anaweza kuelewa kazi yake kwa kuitazama.

Tatizo la Opinel kwa watu wa pwani ni mpini wake wa mbao. Msimu wa masika mbao hunywa unyevu, huvimba, na kulibana bapa hata kucha haziwezi kulitoa. Watu wa Savoie wana mbinu yao: hugonga kitako cha mpini kwenye meza, bapa likachomoza kidogo, wakalidaka. Mbinu inafanya kazi Tanga kama inavyofanya kazi kule milimani. Dawa ya kudumu ni kuusugua mpini kwa nta ya mshumaa ndani ya ule mfereji wa bapa kabla ya mvua kuanza.

Kisu chenye historia ya karibu zaidi nasi ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni yake ya Afrika, wakati nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika nayo ikiwa sehemu ya mojawapo, na kikapewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka mmoja tu kabla. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao wenye nakshi za mwezi na nyota, chuma cha kaboni, na pete ya kuvuta ili komeo liachie. Ni kisu cha mkulima, cha bei nafuu, kinachonoleka upesi. Bahati mbaya huko Afrika Kusini jina lake limechafuka kwa kupendwa na wahuni, na sifa ya kisu humfuata mwenye kisu. Mimi ningekiweka kwenye sanduku la zana, si mfukoni.

Kuhusu chuma, muuzaji atakupigia hadithi ndefu. Jambo la kukumbuka ni moja. Chuma cha kaboni hunoleka vizuri na hushika kutu. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua kama asilimia 10.5, nacho hushika kutu pia, ila kwa kuchelewa. Mkazi wa Dodoma au Nakuru anaweza kuishi na kaboni bila taabu. Mkazi wa Mombasa, Unguja au Mtwara anayekata embe bichi na ndimu, akakifuta kisu kwenye kanga na kukirudisha mfukoni, ataamka kesho akute madoa ya rangi ya chungwa. Doa la kijivu au buluu si la kuhofia, hilo ni joho ambalo asidi ya tunda hulivisha chuma na huzuia kutu kidogo. La rangi ya chungwa ndilo linalokula.

Ugumu nao una mipaka yake. Visu vya Victorinox vya Uswisi hukaa karibu na 56 kwa kipimo cha Rockwell, na wapenda visu wa mjini huvidharau kwa sababu vyuma vya kisasa hupita 60. Chuma cha 60 hudumu na makali yake muda mrefu, kweli. Lakini yakiisha, kinoo cha kawaida cha dukani kitakutoa jasho, utahitaji bamba la almasi. Anayenoa mwenyewe, kwa jiwe alilonalo, hana haja ya kuona haya kwa kisu laini.

Sasa kunoa kwenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana visu vingi vizuri hufia mikononi mwa anayevinoa. Mmemwona fundi wa kunoa anayezunguka mitaani kwa baiskeli: anaegesha stendi, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka na cheche zinaruka. Kwa panga na jembe ni kazi safi. Kwa bapa jembamba la kisu cha mfukoni cheche hizo ni onyo. Ukingo wa makali ni mwembamba kuliko karatasi na hauna pa kupeleka joto. Chuma kilichopikwa kiwandani kikipita nyuzi 200 hivi huanza kulegea, na ukiona rangi ya buluu kwenye makali ujue kimefika karibu nyuzi 300. Hapo ugumu umeondoka, na kisu kitakuwa butu kila baada ya chungwa la pili mpaka sehemu ile iishe kwa kunolewa. Kama huna budi, mwambie: "Fundi, taratibu, na uchovye kwenye maji kila mara." Fundi anayejua kazi hataudhika.

Nyumbani chukua kinoo cha pande mbili, cha kukwaruza na laini, ukilowanishe. Pembe inayofaa ni nyuzi 20 kila upande, na hakuna haja ya kifaa cha kuipima: laza bapa juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kwa kiasi cha theluthi ya upana wa bapa. Bapa la upana wa sentimita mbili, mgongo unyanyuke kama milimita saba. Paka makali wino wa maka peni, sukuma mara mbili, tazama. Wino ukifutika mgongoni mwa makali tu, umelaza mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali tu, umesimamisha mno. Endelea upande mmoja mpaka upapase upande wa pili na kuhisi kinyuzi cha chuma kilichojikunja, chenye kukwaruza ngozi ya kidole. Kinyuzi hicho ndicho alama kwamba makali yamekutana. Wengi huacha kabla hakijatokea, ndiyo maana wananoa nusu saa na kisu hakikati. Geuza, rudia, hamia upande laini, punguza nguvu ya mkono, malizia kwa kukiburuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Kijaribu kwenye nyanya mbivu. Kikizama kwenye ganda bila kusukumwa, kazi imekwisha.

Asiye na kinoo ana kikombe cha kauri. Kigeuze: ile duara ya chini isiyong'aa ni jiwe laini lisilouzwa kama jiwe, linatosha kurudisha makali yaliyolegea kidogo.

Usafi ni mfupi. Maji ya uvuguvugu, sabuni, brashi ya meno kuukuu kwenye bawaba, kukausha kisu kikiwa wazi. Mafuta tone moja kwenye pini. Ya cherehani yanafaa kabisa, ila kisu kinachokata chakula kipe yale meupe ya dawa yanayoweza kunyweka. Alizeti na mafuta mengine ya kupikia usiyatie: yakikaa hugeuka gundi, na bawaba hukaza kuliko ilivyokuwa kabla hujaipaka kitu.

Nimebakiza sheria, nayo ingefaa iamue ukubwa wa kisu kabla hujalipa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya na ile ya Tanzania zinakataza mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Kifungu cha 308 cha ile ya Kenya kinakwenda mbali zaidi: anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa anakabiliwa na kifungo cha miaka 7 hadi 15. Vifungu hivyo havitaji sentimita. Vinatazama mazingira: saa, mahali, uliyenaye, na jibu ulilompa askari. Kisu cha sentimita sita kilichokaa pamoja na kifungua chupa na kibisibisi, ndani ya mkoba wa fundi umeme saa nne asubuhi, kinajieleza chenyewe. Kisu kile kile mkononi mwa kijana nje ya baa saa nane za usiku hakijielezi. Na katika mkutano wa kisiasa au maandamano kiache nyumbani, hata kama ni cha kumenyea machungwa.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana sheria inayopima kwa rula, na wageni hujikwaa hapo. Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, kifungu cha 139, inaruhusu kubeba bila kueleza sababu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba kisu chenye komeo hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hata kiwe kifupi namna gani, kwa kuwa hakikunjiki papo hapo bila kuachia komeo. Maana yake, Opinel namba 8, chenye bapa la sentimita 8.5 na pete, kinavunja masharti mawili kwa mpigo. Opinel namba 5, kisicho na pete na chenye bapa la sentimita 6, kinapita. Kisu cha askari wa Uswisi cha mwaka 2008, kilichowekewa komeo kwa usalama wa vidole, hakipiti bila sababu nzuri ya kukibeba, ilhali kile chekundu cha kawaida kinapita. Kusema unajilinda si sababu nzuri, kunakuongezea matatizo tu, na kifungo chaweza kufika miaka 4. Ujerumani nayo hairuhusu kubeba kisu chenye komeo kinachofunguka kwa mkono mmoja bila sababu halali, na tangu Oktoba 2024 imekaza zaidi kwenye sherehe za hadhara na treni za masafa marefu.

Mtu akiniuliza anunue kipi, jibu langu ni hili: bapa la sentimita sita au saba, bila komeo, chuma kisichoshika kutu cha ugumu wa wastani. Gunia, boksi, kamba, tunda na penseli haviombi zaidi ya hapo. Komeo ni zuri kwa anayefanya kazi ya kuchoma na kusukuma, kama mvuvi na fundi seremala, nao wana kazi yao ya kuwatetea.

Kwenye ndege usibishane. Kanuni za Umoja wa Ulaya huvumilia kabini bapa lisilozidi sentimita 6. Marekani ilitangaza Machi 2013 kwamba nayo italegeza kwa kiasi hicho, ikaghairi Juni mwaka huo huo baada ya wahudumu wa ndege kupinga. Katika viwanja vyetu, na kwenye ukaguzi wa treni ya SGR ya Mombasa na Nairobi, hesabu kwamba hakipiti. Kwa safari ya ndege kitie kwenye begi la kukabidhi usiku ule unapofungasha, kimekunjwa na kuviringishwa kwenye soksi ili anayepekua asijikate. Kwa treni kiache nyumbani.