Panga Peke Yake Halitoshi: Tuchague Vifaa vya Kukatia Vichaka na Matawi

Methali husema, "Mchagua jembe si mkulima." Wazee walikuwa wakimkemea mvivu ambaye kila asubuhi hulalamika kwamba jembe hili ni zito na lile ni fupi, mpaka jua linakuwa kali na shamba bado halijaguswa. Asubuhi ya kulima, methali hiyo ni kweli tupu. Lakini siku ile kikundi kinapokwenda mjini na pesa za michango ya wanachama ili kununua vifaa, hapo ni lazima tuchague, tena kwa makini.

Tunasema hivi kwa sababu katika kuvitembelea vikundi, huku juu kwenye kahawa na migrivea na kule chini kwenye ukame wa Mbeere, mara nyingi tunakuta mapanga mengi na msumeno hakuna. Panga limekuwa fundi wa kila kazi. Linafyeka, linachonga mpini, linakata miwa, linagongea msumari, na ndilo hilo hilo linalopandishwa juu ya mti kukata matawi. Kwa kazi hii ya mwisho panga linatutia hasara mara tatu: hasara ya mti, hasara ya mwili na hasara ya mfuko.

PANGA LINAHARIBU NINI?

Tawi nene likikatwa kwa panga halikatiki mara moja. Linapigwa mara nne, mara tano, na mwisho linavunjika kwa uzito wake na kuchuna ganda la shina kuteremka chini. Au mkataji anaogopa kukaribia shina, basi anaacha kipande cha tawi kinachotokeza kama kigingi cha kutundikia koti. Kigingi hicho hukauka. Maji na wadudu huingia, na uozo hufuata mpaka ndani.

Mti nao hauachi kunenepa. Unakizunguka kigingi kikavu na kukifunika. Siku mgrivea huo unapopasuliwa mbao, fundo lile kavu linadondoka na ubao unabaki na tundu. Mnunuzi hushusha bei. Mti uliokusudiwa kulipa karo unaishia jikoni kama kuni.

Tena tufikirie mwili wa mkataji. Panga linahitaji nafasi ya kurushwa. Aliye juu ya mti ameshika tawi kwa mkono mmoja na panga kwa mwingine, na panga likiteleza linakwenda gotini, au linamwangukia mtoto anayeokota kuni chini. Msumeno haurushwi. Unakaa pale pale kwenye tawi, unavutwa na kusukumwa tu.

PIMA TAWI KABLA YA KUCHAGUA KIFAA

Hakuna haja ya kubeba rula. Tumieni mwili wenyewe kuwa kipimo.

1. Chipukizi laini. Kifaa chake ni vidole. Wanaopanda mukau kwa ajili ya mbao wanajua jambo hili: machipukizi ya pembeni yakiondolewa kwa mkono yakiwa bado machanga, shina hunyooka bila mafundo. Hapo hamjatumia hata senti.

2. Tawi la unene wa kidole gumba, kama sentimita 2. Tumieni makasi ya kupogolea ya mkono mmoja. Yako ya aina mbili. Kuna yale ambayo visu vyake hupishana kama makasi ya fundi cherehani. Hayo ni ya matawi mabichi kwa maana hukata bila kuponda. Aina ya pili, kisu kimoja hushukia juu ya kibapa, kama kisu cha jikoni juu ya ubao. Hayo yanafaa zaidi kwa matawi makavu.

3. Tawi la unene wa vidole viwili, kama sentimita 3 au 4. Hapa ni makasi yenye mikono mirefu. Mikono ile hutoa nguvu, na pia huingia ndani ya ua wa kayaba au bogenvilia huku mikono yako ikibaki nje ya miiba. Makasi yakikwama msiyanyonge kushoto na kulia, yataharibika. Kukwama maana yake ni kwamba tawi lataka msumeno.

4. Tawi la unene wa kifundo cha mkono. Tumieni msumeno wa kupogolea. Ni mfupi, umepinda kidogo kama mundu, na mingi hukata inapovutwa. Kwa sababu hauna fremu, unapenya mahali palipobanana kati ya matawi. Mwingine huweza kufungwa kwenye mti mrefu wa mwanzi ukakata tawi la juu mkataji akiwa amesimama ardhini. Huyo asisimame chini ya tawi lenyewe, asimame kando.

5. Tawi au shina la unene wa paja. Tumieni msumeno wa upinde, ule wenye fremu ya bomba na bapa jembamba linalobadilishwa. Unakata haraka na hauchoshi. Ubaya wake ni kwamba fremu hugonga matawi ya jirani palipobanana, na shina kubwa mno haliingii katika upinde.

Kuzidi hapo ni kazi ya msumeno wa watu wawili au wa injini. Msumeno wa injini hatuwashauri kuununua kwa pesa za kwanza za kikundi. Unataka petroli na oili, mnyororo wa akiba, mavazi ya kujikinga, na mtu aliyefunzwa. Mkodisheni fundi anapohitajika. Na kabla ya kuangusha mti mzima, ulizeni ofisi ya misitu kuhusu kibali.

Neno moja kuhusu msumeno wa seremala. Wengine husema, "Si huu upo nyumbani, tutautumia." Meno yake madogo ni ya mbao kavu. Kwenye tawi bichi unga wa mti ulio na maji hujaa katikati ya meno, na msumeno hukwama. Mwachieni seremala.

VICHAKA NA MIIBA

Hapa ndipo panga lina kazi yake halali: vijiti vyembamba, magugu magumu na kusafisha mpaka. Fyekeo, au slasha, ni la nyasi na mimea laini. Msilipige kwenye shina gumu, litapinda au kuruka.

Lakini kuna vichaka ambavyo kuvikata tu ni kuvipalilia. Lantana ikifyekwa huchipua tena, na mifugo ikila majani yake huweza kudhurika ini na kuugua ngozi. Dawa yake ni kukata juu kwa panga, kisha kung'oa mzizi kwa sululu au jembe la meno. Mathenge nao, uliopandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupata kuni na kuzuia jangwa, hurudi kwa nguvu ukikatwa usawa wa ardhi. Fukueni kwa sululu, mkate mzizi sentimita 10 hadi 20 chini ya udongo. Kwa kukata mzizi uliojaa udongo tumieni shoka kuukuu, si msumeno. Udongo humaliza meno ya msumeno kwa dakika chache. Na msiende kwenye mathenge na malapa. Mwiba wake hupenya soli nyembamba.

Ua wa manyara una utomvu mweupe unaochoma macho na kuweza kupofusha. Kateni kwa makasi ya mikono mirefu, upepo ukiwa mgongoni, na mvae miwani. Utomvu ukiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mwende zahanati siku hiyo hiyo.

JINSI YA KUKATA TAWI NENE

Msumeno mzuri katika mkono usiojua bado utachuna mti. Fuateni hatua tatu.

Kwanza, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, kateni kutoka chini kwenda juu mpaka robo au theluthi ya unene.

Pili, sogeeni nje sentimita chache, mkate kutoka juu. Tawi litaanguka, na ganda halitachunika kwa sababu ule mkato wa chini utalizuia.

Tatu, ondoeni kipande kilichobaki. Tazameni pale tawi linapotoka kwenye shina, kuna mviringo uliovimba kama bangili. Kateni nje kidogo ya bangili hiyo. Msiikate yenyewe, kwa maana ndiyo inayofunga kidonda cha mti. Na msiache kigingi.

Pia msiunyoe mti kama kuku wa sikukuu. Mgrivea mchanga uachiwe majani angalau nusu ya juu ya urefu wake, maana bila majani hauna chakula.

TUKIFIKA DUKANI

Msimtume mweka hazina peke yake. Aende pia mtu atakayetumia kifaa. Makasi yanayomtosha mwanamume mwenye kiganja kipana huenda mama akashindwa kuyafumba. Ayashike, ayafunge na kuyafungua pale pale dukani bila kuona haya.

Tazameni mambo haya:

- Akiba. Kabla ya kuuliza bei ya msumeno wa upinde, ulizeni kama duka lina bapa lake la akiba. Kama halina, huo ni msumeno wa msimu mmoja. Bapa la mbao mbichi huwa na jino la namna tofauti, lenye ncha mbili, baada ya kila meno machache. Ndilo linalokomba unga nje. Bapa lenye meno ya pembe tatu yanayofanana yote ni la mbao kavu.

- Rangi ya meno. Meno yenye ncha za bluu au nyeusi yamechomwa yakawa magumu. Hudumu sana na makali, lakini tupa haiyashiki. Yakiisha ni kununua bapa jingine. Kama mko mbali na mji na kuna fundi karibu, afadhali meno yanayonoleka.

- Unyofu. Inueni bapa usawa wa jicho. Lililopinda litakata limepinda.

- Mpini. Nyuzi za mti zifuate urefu wa mpini, pasiwe na fundo wala ufa. Mpini uliopakwa rangi nzito uogopeni, rangi huficha mengi. Kwa panga, chuma kipite ndani ya mpini na ribiti ziwe zimekaza.

KIKUNDI KINUNUE NINI KWANZA?

Kikundi cha watu 20 hakihitaji misumeno 20. Hesabuni kazi, msihesabu watu. Panga kila mmoja analo nyumbani. Kwa pamoja mnaweza kuanza na misumeno miwili ya kupogolea, msumeno mmoja wa upinde na mabapa mawili ya akiba, makasi mamoja ya mikono mirefu, sululu moja, na tupa mbili: moja ya bapa kwa panga, shoka na sululu, na nyingine ya pembe tatu kwa meno ya msumeno. Tupa ndiyo tunayoisahau, na bila tupa vingine vyote ni vyuma tu. Isukumeni kwenda mbele peke yake, msiirudishe ikiwa imegandamizwa.

Vifaa viwe na mtunzaji mmoja na daftari: nani amechukua, tarehe gani, amerudisha kikiwa na hali gani. Kisichorudishwa safi kisipokelewe. Utomvu futeni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mpake mafuta kidogo, mfunike meno kwa kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa. Asiye mwanachama akitaka kuazima, alipe kidogo, na pesa hizo zinunue bapa jipya.

Panga lililokata mgomba wenye mnyauko wa bakteria lisiguse mgomba mzima kabla ya kusafishwa. Lioshwe kwa jiki kikombe 1 katika maji vikombe 5, au lipitishwe motoni mpaka liwe moto.

Mwisho, usalama. Matawi yaliyo karibu na nyaya za stima msiyaguse hata kwa mwanzi. Waiteni watu wa Kenya Power. Mtu akikatika, gandamizeni kidonda kwa kitambaa safi, inueni kiungo, mpelekeni zahanati na mwulize kuhusu sindano ya pepopunda. Mwiba uliochoma jicho msiuvute nyumbani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mashamba yetu, ni miti mingapi ina vigingi vilivyokauka? Tutembee tuihesabu pamoja.

2. Mwaka uliopita ni nani aliumia akikata matawi au vichaka? Alikuwa anatumia kifaa gani?

3. Kazi tatu kubwa za kukata zinazotukabili kabla ya mvua ni zipi, na kila moja inataka kifaa gani?

4. Nani kati yetu anajua kunoa, na atawafunza wenzake siku gani?

Mkishajibu swali la tatu, andikeni orodha ndipo mwende dukani. Kikundi kinachokwenda na orodha hurudi na vifaa. Kinachokwenda na pesa tu hurudi na mapanga mengine.